Nondo Mbili Ambazo Hazikuwahi Kuwepo: Uhakiki wa Mazingira ya Majaribio ya Mifumo ya Biashara

Fungua kampuni ya mfano inayokuja ndani ya Microsoft Dynamics 365 Business Central. Utakutana na CRONUS, kampuni ya kufikirika inayouza samani za ofisi. Meza inaitwa ATHENS, kiti cha wageni kinaitwa PARIS, taa inaitwa AMSTERDAM. Hamia Odoo, fungua data zake za mfano: wateja ni Azure Interior na Deco Addict, na bidhaa ni makabati na viti vya ofisi tena. Ukikaa sana kwenye programu hizi unaweza kudhani dunia nzima inaishi kwa kuuziana viti.

Sasa shuka Ihumwa, kwenye barabara ya Dodoma kwenda Morogoro, jirani na Mtumba ulikojengwa Mji wa Serikali. Hapa watu wanajenga. Na penye ujenzi pana duka la vifaa: saruji, bati, misumari, rangi, nondo. Mwenye duka akichoka na daftari, anatafuta "mfumo". Siku hizi mfumo wenyewe mara nyingi uko kwenye wingu, yaani programu na data vinakaa kwenye seva za mtoa huduma, wewe unaingia kwa intaneti na kulipa kwa mwezi au kwa mwaka. Mtaalamu anakuja na kompyuta yake, anafungua mazingira ya majaribio, anauza kiti kimoja cha PARIS, ankara inatoka safi kabisa, na kila mtu anatikisa kichwa kukubali. Mfumo umepita mtihani.

Mtihani upi lakini? Hilo ndilo swali la makala hii. Ninachotaka kuhakiki leo si programu zenyewe. Nahakiki namna tunavyoandaa mahali pa kuzijaribia. Hoja yangu ni moja: mazingira ya majaribio yasiyofanana na fujo ya duka lako hayajapima kitu, hata kama seva yake ni ya kifalme. Na gharama ya kutopima hailipwi na aliyeuza mfumo. Mara nyingi hulipwa na aliyesimama kaunta.

Kwanza, ni kitu gani hiki?

Wanafunzi wa kilimo wana neno zuri ambalo sisi watu wa kompyuta tunapaswa kuliazima: shamba darasa. Ni kipande cha ardhi ambacho mbegu mpya inajaribiwa mbele ya wakulima kabla hawajaitia kwenye mashamba yao. Mbegu ikifa pale, hakuna anayelala njaa. Mazingira ya majaribio ni hivyo hivyo. Ni nakala ya mfumo iliyotengwa na mfumo halisi, ambako unaweza kuuza, kufuta, kukosea na kuharibu bila kugusa pesa ya mtu.

Lakini mkulima wa Dodoma atakuuliza swali moja kuhusu shamba darasa: lina maji ya bomba? Kama mbegu ilikuzwa kwa kumwagilia kila jioni kwenye udongo uliojaa samadi, matokeo yake hayamsaidii mtu anayetegemea mvua ya msimu mmoja tu kwa mwaka. Shamba darasa lenye maana linapata jua lile lile, ukame ule ule na wadudu wale wale. Hilo swali la maji ya bomba ndilo tutakalotembea nalo hadi mwisho.

Walichofanya vizuri

Tuwatendee haki watengenezaji kwanza, maana wamefikiria mambo mengi. Business Central ya kwenye wingu inampa mteja anayelipa mazingira halisi moja na ya majaribio matatu bila kuongeza pesa. Salesforce, ukitengeneza nakala ya majaribio, inaongeza neno ".invalid" mwishoni mwa anwani za barua pepe za watumiaji, ili ujumbe wa majaribio usimfikie mtu wa kweli. Odoo.sh inakuruhusu kuchukua nakala ya hifadhidata halisi kwa ajili ya kujaribia, na kwenye nakala hiyo inazuia barua pepe zisitoke nje na kusimamisha kazi zinazojiendesha kwa ratiba.

Kwa nini hili ni jambo kubwa? Fikiria nakala ya mfumo wako imeamka saa sita usiku, ikaona kuna wateja 300 wanaodaiwa, ikawatumia wote ujumbe wa kudai. Nakala haijui kuwa yenyewe ni nakala. Inaamini ndiyo duka. Asubuhi unapokea simu za watu waliokwisha kulipa wiki iliyopita, wamekasirika na wana haki. Kwa hiyo kufunga milango inayotoka nje ndiyo hatua ya kwanza, na hapo watengenezaji wanastahili alama nzuri.

Tatizo ni kwamba milango waliyoifunga ni ile wanayoijua wao. Barua pepe, sawa. Lakini duka la Ihumwa halidai wateja kwa barua pepe. Linadai kwa SMS, kwa WhatsApp, na kwa kumtuma kijana wa bodaboda. Lina risiti za kielektroniki zinazokwenda TRA. Kama mfumo wako umeunganishwa na huduma ya SMS ya hapa nchini au na risiti za kodi, usitegemee kitufe cha Marekani au Ubelgiji kikuzimie. Lazima uzime mwenyewe, kimoja kimoja, kisha uhakikishe kwa kujaribu kutuma.

Nondo hazihesabiki kama viti

Sasa tufike kwenye kasoro yenyewe. Kiti ni bidhaa rahisi mno. Unanunua kumi, unauza kimoja, vinabaki tisa. Mfumo ukishindwa hapo, hauna hata haja ya kujaribiwa.

Chukua nondo ya milimita 12. Duka linanunua kwa tani, linauza kwa kipande cha mita 12. Fizikia yake ni hii: chuma cha kipenyo hicho kina uzito wa takriban kilo 0.888 kwa mita, kwa hiyo kipande kimoja ni kilo 10.656. Gawanya kilo 1,000 kwa hiyo, unapata vipande 93.84 kwa tani. Hakuna namba kamili. Anayesanidi mfumo anaulizwa: tani moja ni vipande vingapi? Anaandika 94, kwa sababu 93.84 inaonekana kama kosa, na nani amewahi kuuza nondo robo?

Duka likanunua tani 10. Mfumo unaandika vipande 940. Kwa hesabu ya uzito, zinatarajiwa nondo 938. Mwisho wa mwezi kunafanyika hesabu ya mali, na mfumo unatangaza upungufu wa nondo mbili. Nondo hizo hazikuibwa. Hazikuwahi kuwepo. Zilizaliwa na tarakimu moja kwenye ukurasa wa mipangilio. Lakini kuna kijana wa stoo anaitwa ofisini, anaulizwa zimekwenda wapi, na tunajua namna swali hilo linavyoishia: "zitakatwa kwenye mshahara wako."

Kwenye kampuni ya mfano inayouza meza za ATHENS, kosa hili huwezi kuligundua hata ukijaribu miaka kumi. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi lingeonekana siku ya kwanza, kama mtu angeingiza tani 10 za nondo kwenye mazingira ya majaribio, akatoka nje, akahesabu zilizopo.

Na nondo ni mwanzo tu. Mchanga unauzwa kwa tripu, na tripu ya lori moja si sawa na ya lori lingine. Rangi inapimwa na kuchanganywa. Bati linakatwa. Halafu kuna wateja wenyewe. Kuna anayechukua mali kauli, analipa fundi akimaliza kazi. Kuna mama anayedunduliza: analeta elfu ishirini leo, elfu kumi wiki ijayo, mpaka pesa ya bati 30 itimie. Katikati ya safari hiyo bei ya bati inapanda. Je, pesa aliyoweka ni mauzo tayari, au ni amana, yaani deni la duka kwake? Anapewa bei ya siku aliyoanza au ya siku anayochukua? Duka lina jibu lake, na mama anaijua ahadi aliyopewa. Swali ni kama mfumo unaijua. Mteja wa kufikirika anayelipa ankara yote kwa wakati hawezi kukuonesha hilo.

Mpaka wa ngazi ndipo penye shimo

Mfano mwingine ni mishahara, kwa sababu mifumo hii siku hizi inauza kila kitu kwa pamoja. Kwa viwango vya kodi ya mshahara vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, mapato ya mwezi mpaka shilingi 270,000 hayakatwi PAYE. Kinachozidi hapo mpaka 520,000 kinakatwa asilimia 8. Kinachozidi 520,000 mpaka 760,000 kinakatwa asilimia 20, juu ya ile 20,000 ya ngazi ya chini.

Mtunza stoo ana mshahara wa 600,000. Mchango wake wa NSSF ni asilimia 10, yaani 60,000, na unatolewa kwanza kabla ya kukokotoa kodi. Inabaki 540,000. PAYE yake ni 20,000 kujumlisha asilimia 20 ya 20,000, jumla 24,000. Kama aliyesanidi mfumo amegeuza mpangilio, akakata kodi kabla ya mchango, hesabu inakuwa 20,000 kujumlisha asilimia 20 ya 80,000, jumla 36,000. Mfanyakazi anapoteza 12,000 kila mwezi, 144,000 kwa mwaka, na hati yake ya mshahara inaonekana nadhifu kabisa, ina hadi nembo.

Wanaosomea upimaji wa programu wanalijua hili: makosa hukaa mipakani. Usijaribu mshahara wa 400,000 peke yake. Jaribu unaoacha 270,000 kamili baada ya mchango, kisha 270,001. Jaribu 520,000 na 520,001. Jaribu mfanyakazi aliyeanza kazi katikati ya mwezi. Hii haihitaji seva yoyote ya ziada. Inahitaji karatasi, kalamu, na mtu anayejua jibu sahihi kabla ya kubonyeza kitufe.

Utulivu usiokuwepo duniani

Kasoro ya pili ya mazingira yetu ya majaribio ni amani. Mtandao uko imara, umeme upo, mteja mmoja kwa wakati, kila mtu ana subira. Yaani shamba lenye maji ya bomba.

Angalia malipo ya simu. Vodacom Tanzania ina kiunganishi cha M-Pesa kwa watengenezaji wa programu, na kina upande wa majaribio wenye namba za mteja wa kubuni. Hilo ni jambo jema, maana bila hilo kila mwanafunzi angejifunzia kwa salio lake. Majibu ya kiunganishi hicho yana misimbo. INS-0 maana yake muamala umekwenda vizuri. INS-2006 ni salio halitoshi. INS-10 ni muamala umejirudia. Na kuna INS-9: muda wa kusubiri umekwisha.

Msimbo ninaoutilia mkazo ni huo wa mwisho. INS-0 ni "ndiyo", INS-2006 ni "hapana", lakini INS-9 ni "sina jibu". Pesa inaweza kuwa imeshatoka kwa mteja, inaweza kuwa haijatoka. Kaunta kuna foleni, mteja anasema "mimi nimeshakatwa", muuzaji anaona kwenye skrini kuwa hajalipwa. Mfumo ulioandikwa vibaya unamruhusu muuzaji abonyeze tena, na mteja anakatwa mara mbili. Mfumo mwingine unahesabu kuwa amelipa, na duka linatoa saruji bure. Ulioandikwa vizuri unashika namba ile ile ya kumbukumbu, unaulizia kwanza hali ya muamala wa awali, ndipo unaamua. Tofauti ya mifumo hii mitatu huwezi kuiona ukijaribu INS-0 peke yake. Na ukitazama miradi mingi ya mwaka wa mwisho vyuoni, INS-0 ndiyo inayooneshwa siku ya uwasilishaji. Ukurasa wa kijani, makofi, alama.

Msidhani ni ugonjwa wa maduka madogo. Benki ya TSB ya Uingereza, Aprili 2018, ilihamisha wateja wake wapatao milioni 5 kwenda mfumo mpya. Wateja milioni 1.9 wakajikuta hawawezi kuingia kwenye akaunti zao. Uchunguzi wa baadaye ulionesha kuwa mfumo ulikuwa ukitumia vituo viwili vya data, lakini majaribio ya kupima uwezo wa kubeba mzigo yalifanyika kwenye kituo kimoja tu. Desemba 2022 wasimamizi wa fedha waliitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 48.65. Walikuwa na mazingira ya majaribio, na ya gharama kubwa. Hayakufanana na mahali mfumo ulipokwenda kuishi.

Kwa Ihumwa kufanana huko ni rahisi zaidi kuliko kwa benki. Zima data ya simu katikati ya mauzo. Chomoa kompyuta kwenye umeme kabla risiti haijatoka, kama vile LUKU imeisha. Waweke wauzaji wawili wauze bati la mwisho kwa sekunde ile ile. Kisha uangalie mfumo unasema nini ukiamka.

Dawa isiwe sumu

Hapa mtu atasema: basi suluhisho ni jepesi, tuchukue nakala ya data zote halisi za duka tuzimwage kwenye mazingira ya majaribio. Fujo yote itakuja yenyewe. Na kweli mifumo ya wingu inakupa kitufe cha kufanya hivyo kwa dakika chache.

Ni hoja yenye nguvu, lakini mimi naikataa nusu. Data halisi ni watu. Ndani yake mna majina, namba za simu, madeni ya watu, mishahara ya wafanyakazi. Mazingira halisi huwa na nywila ngumu na watu wachache. Mazingira ya majaribio huwa na nywila iliyoandikwa kwenye karatasi ukutani, na anaingia mtaalamu, msaidizi wake, na mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Ukimwaga data zote humo, umelihamisha sanduku la pesa kutoka chumbani ukaliweka barazani.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Msingi mmoja wa sheria za aina hii ni kwamba taarifa zilizokusanywa kwa kazi fulani zitumike kwa kazi hiyo. Mteja alitoa namba yake ili apelekewe saruji. Hakuitoa ili mtu ajifunzie.

Kuficha majina nako kunataka akili. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Ukibadilisha jina la mtu ukaacha namba yake ya NIDA na ya simu, umemvisha barakoa huku ameshika kitambulisho mkononi. Njia nzuri ni kuiga umbo bila kuchukua watu: tengeneza namba za kubuni zenye urefu sahihi, majina ya kubuni, lakini uhifadhi tabia za data zenyewe. Kama duka lina wateja watatu wenye jina moja, wawepo watatu. Kama kuna deni la miaka miwili, liwepo. Kama kuna mtu aliyelipa zaidi ya anachodaiwa, awepo pia.

Nani anajaribu?

Nimefika kwenye kasoro ninayoiona kubwa kuliko zote. Mazingira ya majaribio yakishaandaliwa, anayeitwa kujaribu ni nani? Bosi, mhasibu, na mtaalamu mwenyewe. Kijana wa stoo haitwi. Dada wa kaunta anaitwa siku ya mafunzo, mfumo umeshanunuliwa, anaoneshwa pa kubonyeza.

Lakini wao ndio watakaobeba upungufu. Mfano wa kutisha zaidi wa hili duniani ni Horizon, mfumo wa kompyuta wa Posta ya Uingereza uliotengenezwa na kampuni iliyokuja kuwa sehemu ya Fujitsu. Mfumo ulionesha upungufu wa pesa kwenye matawi. Waendeshaji wa matawi walisema hawajachukua kitu. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu na uhasibu wa uongo. Desemba 2019 mahakama kuu ilikubali kuwa mfumo ulikuwa na hitilafu zilizoweza kuleta upungufu wa namna hiyo. Mei 2024 bunge lilipitisha sheria ya kufuta hatia hizo kwa mkupuo. Kuna waliofungwa, kuna waliofilisika, na kuna waliokufa kabla ya kusafishwa majina.

Nondo mbili za Ihumwa na Horizon vina ukubwa tofauti sana, lakini mzizi ni mmoja: skrini ikisema kitu na mtu akisema kingine, tunaamini skrini. Mazingira ya majaribio yanatoa nafasi ya kuihoji skrini kabla haijapewa mamlaka. Ukimnyima nafasi hiyo mtu atakayehukumiwa nayo, umefanya onyesho tu.

Ndiyo maana napendekeza kanuni moja ambayo haimo kwenye miongozo ya watengenezaji: asiwepo mtu atakayewajibishwa na mfumo ambaye hakupewa nafasi ya kuujaribu na kuuangusha.

Shamba darasa la bei nafuu

Atakayesema duka dogo haliwezi gharama hizi, nimwoneshe orodha. Haina kifaa cha kununua.

Kwanza, anza na kampuni tupu, si ile ya viti. Ipe jina lenye neno MAJARIBIO kwa herufi kubwa na, mfumo ukiruhusu, rangi tofauti, ili mtu asiuze kwa kweli akidhani anajaribu, wala asijaribu akiwa kwenye duka halisi.

Pili, funga milango yote inayotoka: SMS, barua pepe, malipo ya simu, risiti za TRA, na kazi za usiku. Kisha ijaribu kila milango kama imefungwa kweli.

Tatu, ingiza bidhaa 20 tu, lakini chagua zile zenye vipimo vinavyosumbua. Nondo iwepo. Mchanga uwepo.

Nne, chukua siku moja yenye pilikapilika kwenye daftari, badilisha majina, kisha muuzaji mwenyewe aingize mauzo yote ya siku hiyo, pamoja na madeni, marejesho na pesa ya kudunduliza.

Tano, tengeneza siku mbaya: mtandao ukatike, malipo yajirudie, bei ibadilike saa sita mchana, mtu arudishe mfuko wa saruji ulioganda.

Sita, linganisha na daftari. Tofauti yoyote, hata ya shilingi mia, mtaalamu aieleze kwa maneno yanayoeleweka na mtu wa kaunta. Akisema "itajirekebisha", usilipe.

Na saba, usiyafute mazingira hayo baada ya kuanza. Hapa wingu lina tabia yake. Programu ya zamani uliyoisakinisha kwenye kompyuta ya duka ilibaki vile vile mpaka uiguse. Ya wingu inabadilika wewe umelala. Business Central ina matoleo makubwa mawili kwa mwaka, Salesforce matatu. Kila toleo likija, hesabu yako ya nondo na mshahara wa mtunza stoo virudiwe kwenye majaribio kwanza. Ukiwa umeandika majibu sahihi kwenye karatasi moja, ni kazi ya asubuhi moja.

Hapa ndipo naona nafasi ya wanafunzi. Chuo Kikuu cha Dodoma kiko mji huu huu, na wanafunzi wa kompyuta na uhasibu wanatafuta mahali pa mafunzo kwa vitendo kila mwaka. Badala ya kujenga mfumo mwingine wa kuuza viti, wakae wiki tatu na duka moja la Ihumwa waandike data za majaribio zenye sura ya biashara za hapa: vipimo vya tripu na tani, mali kauli, ngazi za PAYE, misimbo ya malipo ya simu. Bila jina la mtu hata mmoja. Kisha waziweke wazi kila mtu azitumie. Duka la pili halitaanza sifuri, na mwalimu wa chuo atapata kitu cha kufundishia kinachofanana na nje ya dirisha lake.

Mpaka hapo itakapofika, mwenye duka ana swali moja la kumuuliza anayekuja kumuuzia mfumo. Asimuulize kama una kasi, wala kama uko kwenye wingu. Amwambie: "Ninunulie tani 10 za nondo humo ndani, halafu uniambie ziko ngapi." Akijibu 940 bila kusita, amwite kijana wa stoo aje asikilize.